Julai Iliyolinganishwa na Januari

Tangu alipofika kazini, mchambuzi wa takwimu hakuwa ametulia. Aliketi, akainuka, akafungua dirisha, akalifunga, kisha akairudia skrini kana kwamba kuitazama kwa hasira kungeibadilisha. Haikubadilika. Kwenye chati ya kupanda na kushuka kwa mauzo, ambayo programu ilikuwa imeitoa jana, nguzo ya idara ya sare za shule, iliyoongozwa na shangazi yake, ilikuwa ndefu na nyekundu, rangi ya walioshuka.

Desturi ya kiwanda kile ilikuwa kwamba mkuu wa idara yenye nguzo nyekundu husimama kikaoni na kujieleza. Mkurugenzi alikuwa ameongeza lake: idara ambayo mauzo yake yangeshuka zaidi ya theluthi ingefungwa. Kikao kilikuwa asubuhi hiyo hiyo.

Shangazi aliingia bila kubisha hodi, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni.

"Mbona unazunguka kama kuku anayetaka kutaga?"

"Shangazi, mmeshuka nusu."

"Nusu! Mafundi wangu hawana hata nafasi ya kujikuna, nawe unaniambia nusu?"

"Programu ndivyo inavyosema."

"Basi iambie ije ishone yenyewe." Alifika mlangoni, akageuka. "Na usinibebe, mwanangu. Nikianguka, nianguke kihalali."

Maneno hayo yalimzidishia mchambuzi wahaka. Alibonyeza ile nguzo ili aione miezi iliyokuwa ndani yake. Robo ya kwanza ya mwaka huu: Julai, Agosti, Septemba. Robo ya kwanza ya mwaka uliopita: Januari, Februari, Machi.

Alishika kichwa. Kiwanda kilipopata wamiliki wapya, mwaka wa fedha, uliokuwa ukianza Januari, ulihamishiwa Julai. Programu iliendelea kulinganisha robo ya kwanza na robo ya kwanza, bila kujali zilikuwa miezi gani. Sare zilizouzwa katikati ya mwaka zilipimwa kwa zile za Januari, wakati shule hufunguliwa na kila mzazi huwa dukani.

Aliiamuru programu ilinganishe Julai na Julai, Agosti na Agosti, na kwa idara zote, wala si ile moja tu. Nguzo ya sare ilipungua ikawa fupi mno. Hata hivyo, ilibaki nyekundu.

Angeweza kuilinganisha na mwaka juzi, ambao ungeigeuza kuwa ya kijani. Kidole kilisita juu ya kitufe. Akakiondoa, akachapisha ripoti kabla hajajishawishi.

Kikaoni, mhasibu mkuu aliipeperusha karatasi. "Jana nusu, leo kidogo tu! Kumbe programu nayo ina shangazi?"

Watu walicheka. Mchambuzi alihisi masikio yakiwaka. "Haina, mzee. Ingekuwa naye, ingempa kijani."

Mkuu wa idara ya mapazia, aliyeitwa Bwana Kijani kwa kuwa hakuwahi kupata nyekundu, hakucheka. "Na mimi je? Jana nilikuwa kijani kibichi. Leo nimeiva?"

"Hoteli hubadilisha mapazia katikati ya mwaka, kaka. Robo yako nzuri ilikuwa imelinganishwa na robo yako mbaya."

Mkurugenzi aliomba aoneshwe miezi. Aliipitia mmoja mmoja, huku mguu wa mchambuzi ukipigapiga sakafu chini ya meza, ukikataa katakata kutulia.

"Nani aliyelinganisha Julai na Januari?"

"Sisi sote, mkurugenzi. Tuliuhamisha mwaka, hatukuiarifu programu."

Mkurugenzi alichukua kalamu, akaikata kwenye ajenda hoja ya kuifunga idara ya sare. "Wenye nyekundu, wasimame."

Wakasimama wawili. Bwana Kijani, ambaye hakuwahi kuwa miongoni mwa wanaosimama, alinong'ona, "Mikono inawekwa wapi?"

"Popote, baba, ila si mfukoni," shangazi akamjibu, kisha akapaza sauti. "Tumeshuka kidogo, nami sikatai. Mashine ya matundu ya vifungo imekufa tangu Agosti, na matundu yote tunayashona kwa mkono."

"Nimekuelewa, mama. Keti."

"Sijamaliza. Fundi wa kuitengeneza mashine anakuja lini?"

"Tutaliangalia suala hilo."

"Naam," alisema shangazi, na hakuketi.

Chumba kizima kilimtazama mkurugenzi. Hatimaye mkurugenzi alivuta simu, akaanza kuitafuta namba ya fundi huyo.