Kidevu cha Zita

Mgambo walipong'oa bati la kwanza juu ya altare, mimi nilikuwa bado nahangaika na kidevu cha malaika.

Ilikuwa Novemba, mwaka wa sabini na nne, kwenye kanisa la kigango kimoja, mwendo wa nusu siku kutoka Mpui. Mzee Alfonsi ndiye aliyetaka ukuta uchorwe. Alitafuta chokaa mwenyewe, akanilisha na kunilaza kwake, kwa sharti moja: malaika mmoja awe na sura ya Zita, bintiye aliyefariki kwa surua akiwa na miaka saba. Picha yake haikuwepo, na mimi sikuwahi kumwona. Yeye akisimulia, mimi napaka, tena mbiombio, maana rangi hushikwa na lipu mbichi. Lipu ikikauka, imekataa.

"Siye," alisema siku ya kwanza. Tukabandua lipu.

Siku ya pili: "Huyo ni shangazi yake."

Siku ya tatu nikamtania. "Mzee, ungetaka Mtakatifu Petro tungekuwa tumemaliza. Nani hapa angenibishia ndevu?" Akacheka mpaka akakohoa, kisha akabandua mwenyewe.

Siku ya nne, kidevu kikiwa bado, nikaupandisha mdomo kidogo, upande wa kushoto. Mzee akausogelea ukuta.

"Zita," alisema. "Mbona leo hujaniamkia?"

Ndipo lori la mgambo lilipofika, na amri yao: sote, hata mimi mgeni, tunahamia kijiji kipya, na bati zinakwenda kuezeka shule huko.

"Siku mbili tu, ndugu," nikaomba, "lipu ikauke."

Kiongozi wa mgambo alinitazama kwa huruma ya kweli. "Fundi, hata mama yangu nimempakia leo asubuhi."

Mvua haikungoja. Iliteremka ukutani, ikaanza kuyavuta macho ya Zita kuelekea sakafuni. Mimi nilisimama na brashi mkononi. Mzee Alfonsi akamwekea mtoto kiganja usoni, amkinge. Alipokiondoa, mdomo ulikuwa umetoka nacho, rangi yote imebaki kiganjani.

Njia ilikuwa makorongo matupu. Kule juu ya lori kila mtu alishika alichopata: bomba, gunia, jirani. Mzee Alfonsi alikifunika kile kiganja kwa kofia yake, akakiinua juu, hakutaka kiguse kitu. Basi nikamshika kiuno mpaka tulipofika.