Madafu ya Bi Mwatima

Haya nimeyapata kwa Fauziya, mama yake Ashwaq, alipokuja kunitazama mwaka elfu mbili na kumi na sita, siku chache baada ya Idi kubwa. Alisimulia huku kashika shavu.

Ashwaq kazaliwa Dubai, kwao mtaa wa Al Qusais, lakini nyumba yao ni Unguja mpaka jikoni. Alikuwa akisomea shahada ya pili ya lishe, na kilichobaki ni mafunzo ya hospitalini, mtaa wa Oud Metha, chini ya msimamizi wake, Madam Hadijah, mwanamke wa Kenya. Madam akikupasisha, unakwenda kwenye mtihani wa kusajiliwa, unakuwa mtaalamu wa lishe kamili. Asipokupasisha, khalas, yamekwisha.

Kazi yenyewe ni kuuliza. Mgonjwa anakaa mbele yako, unamuuliza jana kala nini tangu alipoamka mpaka alipolala, kanywa nini, kiasi gani. Ashwaq kawauliza Wahindi, Wafilipino, madereva wa Kipathani, wala hakubabaika. Mpaka Alhamisi ile alipokutana na Bi Mwatima.

Bi Mwatima ni jirani yao, mtu mzima, na Fauziya mwenyewe kakulia mikononi mwake. Figo zake zimekufa, anasafishwa damu kwa mashine Jumapili, Jumanne na Alhamisi. Mtu kama huyo kuna madini, potasiamu huitwa, hayamtoki mwilini mpaka mashine iyatoe. Yakizidi, moyo husimama. Haupigi hodi wala hauagi, unasimama tu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu! Leo wewe ndiye daktari? Haya niulize, nikuone."

Ashwaq akafungua kinywa, akaona haya. Kwetu mtu mzima hahesabiwi tonge. Mtoto akimuuliza bibi yake kala vijiko vingapi, ni kama kamsimanga. Akaishia kusema, "Bibi, unakula vizuri?"

"Nakula kama ndege, mwanangu. Yote mliyonikataza nimeacha."

"Alhamdulillahi."

Nje ya mlango Madam Hadijah akamsimamisha. "Umemaliza na yule mama? Vinywaji pia umeuliza?"

"Ndiyo, madam."

"Sawa. Sasa huyo ni wako. Akipata shida wikendi, nitakuuliza wewe."

Neno hilo lilimkaa Ashwaq kifuani kama mwiba wa samaki. Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, Fauziya akamwambia, "Twende tukamtazame Bi Mwatima, kaamka hajisikii vizuri."

Wakakuta chumba kimejaa wanawake. Bi Mwatima kaegemea mito, na Kuruthum, mkwe wake, anammiminia bilauri kutoka kwenye jagi. "Kunywa, mama, yakusafishe figo."

Madafu. Chini ya meza mifuko imepangana, yote ya duka la Mhindi Mmalabari wa mtaani, maana kumtazama mgonjwa mikono mitupu ni aibu, na mgonjwa wa figo hupelekewa madafu, ndivyo tulivyorithi. Ashwaq akageuka, akamwona mama yake naye anatua mfuko wake. Alikuwa katoka naye mlango mmoja, wala hakuutazama. Darasani alifundishwa dafu limejaa potasiamu tele. Nyumbani dafu lilikuwa heshima, basi.

"Miguu leo mizito," Bi Mwatima akasema, "kama niliyoazimwa na tembo."

Wanawake wakacheka. Ashwaq hakucheka. Miguu mizito, ndivyo potasiamu ikizidi inavyoanza.

"Bibi, umekunywa bilauri ngapi tangu jana?"

Wanawake wakageukiana.

"We Fauziya!" mmoja akasema. "Mwanao kasoma mpaka kaipoteza adabu?"

"Unamhesabia mama yangu maji?" Kuruthum akauliza, jagi mkononi.

Fauziya akamfinya. Ashwaq hakujali tena. Akapiga magoti, akaliondoa lile jagi. "Bibi, nisamehe. Jana ilinipasa nikuulize nikaona haya. Madafu haya ni sumu kwako. Naogopa moyo wako utasimama."

Bi Mwatima akamtazama sana. Akataka kuinyanyua bilauri yake, mkono ukakataa. Ndipo naye akaogopa. "Siku zote naletewa, na tangu jana jioni niliporudi hospitalini nakunywa haya tu," akasema polepole. "Kila anayekuja ananinywesha."

Nasifu, mwana wa Bi Mwatima, akaitwa, akambeba mpaka garini, Fauziya na Kuruthum wakafuata. Ashwaq kakaa nyuma, vidole juu ya mshipa wa bibi. Mshipa unapiga, unakawia, unapiga. Kila ukikawia na yeye anakata pumzi. Mkono wa pili kashika simu.

"Madam, nilidanganya. Sikumuuliza."

"Amekunywa nini?"

"Madafu. Tangu jana."

"Ya Allah! Msisimame popote, mimi nawapigia wa emajensi. Hayo mengine tutaongea."

Walipofika, wauguzi walimpokea mlangoni. Wakampima moyo, daktari akautazama mchoro, uso ukambadilika, akaita sindano huku anakimbia. Kisha mashine. Ashwaq alisimama ukutani, na mama yake kando yake.

Madam Hadijah akaja na nguo zake za Ijumaa. "Mafunzo ya wagonjwa wa figo utarudia yote, mwanzo mpaka mwisho," alisema. "Ungeninyamazia kwenye simu ile, ningekufukuza kabisa."

"Atapona, madam?"

"Sijui. Tungoje."

Wakangoja. Magharibi ikapita, na Isha. Mashine ilipozimwa, Bi Mwatima akafumbua macho. "Mjukuu wangu upo?"

"Nipo, bibi."

"Kesho watakuja tena na mifuko yao. Wafukuze wewe, mie sina nguvu za kugombana. Uanze na mama yako."

Akafumba macho. Daktari akasema moyo umetulia, ila usiku huu lazima awe na mtu wa kumtazama. Kuruthum akalala kwenye mkeka, Fauziya juu ya kiti. Ashwaq hakuthubutu kulala. Kila kifua cha bibi kikichelewa kupanda, naye anainuka nusu, mpaka akione kimepanda. Akainamisha kichwa ukingoni mwa kitanda ili asikie pumzi kwa karibu. Ikaingia, ikatoka, ikaingia, sawasawa, bila kukawia. Na yeye usingizi ukamchukua.