Upenu wa Bi Jokha

Ule ubao uliingia Bagamoyo kwa shangwe kubwa kuliko bwana harusi. Uliletwa kutoka Mlingotini vipande vipande, kila kipande mabegani mwa watu wawili, na mbele yao akitembea fundi Darwesh, mchonga majahazi, kofia imelala upande, akiitikia salamu za watu kana kwamba mtoto ni wake na leo ndiyo siku ya kumtoa nje. Mpaka wanafika mtaani kwetu, nyuma yao pameshakuwa na msafara mzima: wauza samaki, wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wakingojea mizigo, na Miza mpika vitumbua, ambaye aliviacha vitumbua jikoni vikaungua upande mmoja. Akaviuza vivyo hivyo. Watu wakala bila kutazama, maana macho yote yalikuwa kwenye ule ubao wa mvule.

Na ulistahili kutazamwa, jamani. Juu mawimbi, katikati majani ya mkungu, na chini ncha ncha zilizotobolewa vitundu, mwanga unapita kama kwenye kofia ya viua. Darwesh alizoea kuyachongea majahazi, na majahazi yakishang'oa nanga huyaoni tena. Huu ulikuwa unakaa mjini. Utaonwa kila siku na kila mwenye macho na mdomo.

Mwenye ubao alikuwa Bi Jokha binti Hamoudi, mjane, mwanamke wa uso mpana na sauti pana zaidi. Nyumba yake ilikuwa nzuri mpaka ufike upenuni. Kuta za mawe na chokaa, mlango wa nakshi na misumari ya shaba, halafu juu makuti yamening'inia kama ndevu za beberu, na vichwa vya makombamoyo, zile boriti za paa, vimejitokeza nje, mvua inavipiga, mchwa wanavila. "Mlango wa sultani, paa la mkwezi," watu walisema, na Bi Jokha aliwasikia. Fundi alimwambia wazi: boriti huanza kuoza kichwani, kama samaki. Ukiviziba vichwa kwa ubao, mvua haiingii, upepo haufumui makuti, na nyumba inapata uso.

Na uso ulihitajika upesi. Binti yake wa pekee, Mardhiya, alikuwa ameposwa, na posa imekubaliwa. Kilichobaki ni wazee kukaa na kukata shauri la mahari. Mposaji hakutoka mbali. Alikuwa Ausi, mtoto wa Mwinyimvua, nyumba ya mbele yao, ng'ambo ya uchochoro.

"Harusi gani hii?" Miza alikuwa akisema. "Bibi harusi anavuka hatua mbili tu. Hata ubani hautawahi kunukia njiani!"

Huo uchochoro ulipita kati ya ukuta wa Bi Jokha na baraza ya Mwinyimvua. Wa nani, hakuna aliyejua, na kwa kuwa hakuna aliyeuliza, ulikuwa wa kuku.

Siku ya kuupandisha ubao mtaa mzima ulikaa nje. Darwesh aliuweka mbele kabisa, mbali na ukuta, kwa sababu, alisema, nakshi iliyobanwa na ukuta haina kivuli, na nakshi isiyo na kivuli ni kuni. Kisha juu yake akaongeza safu za makuti mapya zilizotoka nje zaidi, ziukinge na mvua. Ngazi ilishikwa na Mwinyimvua mwenyewe.

"Mashaallah, fundi!" alisema, shingo ameipinda nyuma. "Sasa nikikaa barazani nina kitu cha kutazama. Zamani nilikuwa namtazama Bi Jokha."

"Na ulikuwa hulipi," akajibu Bi Jokha dirishani, na watu wote wakacheka.

Basi zikaja mvua za vuli.

Mwinyimvua alikuwa barazani kwake anacheza bao, kikombe cha kahawa pembeni. Miaka yote maji ya paa la Bi Jokha yalianguka chini ya ukuta wa Bi Jokha. Siku ile yalianguka miguuni mwa Mwinyimvua. Yakamrukia kwenye pindo la kanzu, yakaingia kwenye kahawa. Akatazama kikombe. Akatazama juu. Kisha akasimama mvuani na kuufuata kwa kidole mstari wa maji, kutoka pembe moja ya nyumba hadi nyingine, midomo inamcheza.

Huku kwetu mpaka wa nyumba ni maji. Pale yanapoanguka maji ya upenu wako, hapo ndipo ardhi yako inapokoma. Na anayeyaacha maji ya jirani yamwangukie msimu mzima bila kusema neno, amekubali, na wajukuu zake hawana la kudai. Hayo kila mtu anayajua. Lakini siku ile tuliposhangilia makuti mapya, hakuna aliyeyakumbuka, hata Darwesh, maana jahazi halina jirani.

"Bi Jokha! Toka nje!"

"Kuna mvua, Mwinyimvua. Na wewe na jina lako hilo unaiogopa?"

"Umenilia ardhi!"

"Nimekula ardhi? Kwa jino lipi?"

"Kwa hayo meno uliyoyatundika juu! Leo maji, kesho nguzo, keshokutwa nitaamka nikute jiko lako kitandani kwangu!"

"Kitandani kwako nilete jiko? Nitapika nini, kunguni?"

Tulicheka mpaka Miza akashika ukuta. Lakini Mwinyimvua hakucheka. Alishusha sauti, na hapo ndipo tulipojua mambo yameharibika, kwa sababu mtu yule hajui kusema chini.

"Nisikilize. Maji haya yakiendelea kuanguka hapa, mwanangu haoi kwako."

Bi Jokha akalishika dirisha kwa mikono miwili. Kisha akasema, "Wanaume hawajaisha mjini. Ubao haushuki." Dirisha likafungwa.

Kila mmoja alikuwa na haki yake, na hiyo ndiyo ilikuwa taabu. Bi Jokha akiyakata makuti ya juu, mvua itaupiga ubao, na nakshi itaoza kabla ya mwaka kwisha. Akiushusha, atakuwa hadithi kuanzia Dunda mpaka Kaole. Mwinyimvua naye akinyamaza, ameitoa ardhi kwa kunyamaza. Katikati yao wakabaki vijana wawili. Ausi alikonda mashavu. Alikuwa akipita uchochoroni huku na huku akijifanya anatafuta jogoo, na watu wote walijua kwao hawana jogoo. Mardhiya alikuwa ndani, mwari hatoki, na aliyekuwa akimpelekea habari ni Miza.

"Anasemaje?" tukamwuliza Miza.

"Anasema wazee wawili wanagombea choo cha kuku. Halafu akalia. Halafu akala vitumbua vinne."

Darwesh, kwa kuona aibu, akaja na dawa yake. Akachimba gogo la mnazi katikati, akalifanya mlizamu, akalifunga kwa kamba chini ya upenu liyapokee maji yote na kuyamwaga mbali, mwisho wa ukuta. Mvua ndogo ya kwanza, mlizamu ulifanya kazi vizuri sana. Mwinyimvua aliutazama kwa jicho la pembeni, akarudi kwenye bao lake, na Miza alikuwa ameshaanza kupigia hesabu unga wa harusi.

Mvua kubwa ilikuja siku aliyokuja Mwishehe.

Mwishehe alikuwa baba mdogo wa Mardhiya, ndugu wa marehemu baba yake, na ndiye walii wake, mwenye haki ya kumwoza. Aliitwa kutoka Kaole aje kutuliza mambo. Alikuja kama mtu aitwaye kutuliza mambo: juba, kilemba kilichokunjwa kwa ustadi, bakora, na mbele yake mtu amemshikia mwavuli. Kufika uchochoroni, mwavuli ukakwama baina ya kuta. Ukafungwa. Mwishehe akasimama chini ya upenu ajikinge, akaielekea baraza ya Mwinyimvua, akafungua kinywa.

"Assalaamu alai..."

Kamba ikakatika. Mlizamu ukainama upande mmoja, na maji yote ya paa, pamoja na majani yaliyooza na mjusi kafiri mmoja aliyekuwa hai kabisa, yakamshukia kilembani.

Mwinyimvua ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka akajipiga mapaja. Juu dirisha likafunguka, na Bi Jokha akatazama chini, akamwona shemeji yake na mjusi begani, naye akaangua kicheko. Wakawa wanacheka wote wawili, mmoja juu, mmoja chini, machozi yanawatoka, mpaka macho yao yakakutana wakakumbuka kwamba wamegombana.

Lakini mzee hawezi kuachwa mvuani. Mwinyimvua akamshika mkono huu, Ausi mkono ule, wakamwingiza kwa Bi Jokha, na sisi nyuma yao, kwa nia ya kusaidia. Nyumba ikajaa. Wanaume ukumbini, sisi wanawake nyuma ya pazia pamoja na Mardhiya, tukichungulia pembeni. Kilemba na kanzu vikakamuliwa. Mwishehe akavishwa kanga ya kisutu ya Bi Jokha, akaketi mkekani, mabega yote nje, na hakuna aliyethubutu kutabasamu.

"Hapa hatoki mtu," alisema, "mpaka kanzu yangu ikauke."

Mvua ilikuwa inamwagika. Kanzu haikuwa na haraka. Miza akaleta vitumbua, kahawa ya tangawizi ikapikwa.

"Shemeji, shusha ubao."

"Haushuki, shemeji," sauti ya Bi Jokha ikatoka nyuma ya pazia.

"Mwinyimvua, wewe nyamaza basi, maji yaanguke."

"Nikinyamaza wajukuu watalala wapi?"

"Wajukuu gani, nawe umekataza harusi?"

Mwinyimvua akatia kitumbua mdomoni.

"Hivi," Mwishehe akasema taratibu, "wote mmezungumza. Ubao umezungumza, paa limezungumza, hata mjusi amekuja kutoa rai yake. Mimi ndiye walii. Kuna mtu aliyemwuliza binti mahari anataka nini?"

Hakuna. Mambo yalikuwa hayajafika huko.

Akageukia pazia. "Mardhiya, mwanangu."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ukiolewa na Ausi, mahari yako unataka nini?"

Kwa kawaida hapo mwari hunyamaza, na mama au kungwi humsemea. Bi Jokha alikuwa ameshavuta pumzi. Mardhiya akamwahi.

"Nataka uchochoro."

"Unataka nini?"

"Uchochoro, baba. Kuanzia ukuta wa mama mpaka ngazi ya baraza ya Mzee Mwinyimvua. Uwe mahari yangu, mali yangu mwenyewe. Maji ya mama yakianguka, yatakuwa yameanguka kwangu. Mimi sina ugomvi na maji."

Miza alianza kigelegele akajiziba kwa kiganja. Ausi, aliyekuwa kasimama mlangoni, akachuchumaa pale pale.

Mwishehe akajikuna bega. "Mahari hutoka upande wa mume," alisema. "Na mtu hatoi kisicho chake. Kwa hiyo kwanza lazima uchochoro uwe wa Mwinyimvua. Shemeji, unakubali ni wake?"

Nyuma ya pazia tulikuwa tunamtazama Bi Jokha. Uso wake ule mpana ulikuwa umekuwa mdogo.

"Na nikishasema ni wake," aliuliza, "halafu akatae kuutoa?"

"Basi ni wake kweli, na ubao unashuka. Sitakudanganya."

Alimtazama binti yake. Mardhiya alikuwa ameshika pindo la nguo ya mama yake, kama mtoto anayevushwa njia. Bi Jokha akaligeukia pazia.

"Ni wake."

"Sikusikia," akasema Mwinyimvua ukumbini.

"Nimesema uchochoro ni wako!"

"Kaole wamesikia!" Miza akapiga kelele. "Usimwongezee, mzee!"

Mwinyimvua akachukua kitumbua kingine. Akatafuna. Alitafuna pole pole, kwa raha, mtu mwenye ardhi. Tukamwona anaupima moyoni: ameupata uchochoro mzima, hakuna wa kumbishia, na neno lake moja tu ndilo litakaloutoa mikononi mwake au kuubakisha.

"Baba!" Ausi akasema mlangoni.

Mwinyimvua akamtazama yule kijana na mashavu yake yaliyobonyea. Akafuta mafuta vidoleni.

"Uchochoro wangu," alisema, "wangu, mmesikia wote, na Bi Jokha amesema kwa kinywa chake, nampa mwanangu Ausi. Na Ausi amtolee mahari Mardhiya. Kuku pia nimewatoa."

Vigelegele vilivyopigwa pale viliuamsha mtaa wa pili. Kanzu ya Mwishehe ilikuwa bado inachuruzika, lakini hakuna aliyeiulizia tena. Tukakaa humo humo mpaka chakula cha jioni, na ndoa ikafungwa Ijumaa iliyofuata, bwana harusi akivuka uchochoro kwa matari kana kwamba anatoka Unguja.

Mardhiya hakukawia kuwa mwenye ardhi. Akamwaga kokoto pale maji yanapoangukia, yasiruke tena barazani. Wenye kuku waliambiwa waombe ruhusa.

Mwezi haujaisha, Mwinyimvua akamjia mkwewe asubuhi, kofia mkononi.

"Hodi, mwanangu."

"Karibu, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Nimesema na fundi Darwesh. Na mimi nataka ubao upenuni kwangu, wa nakshi ya samaki. Ila safu za makuti zitatoka nje kidogo. Ndiyo nimekuja kuomba, maji yangu nayo yaanguke kwako."

"Yaanguke, baba. Yanakaribishwa. Urefu wake je?"

"Aa, mrefu wa kawaida tu. Uupite wa mama yako kwa shibiri hivi."

Dirisha la juu la Bi Jokha likafunguka kwa kishindo.

"Uupite wa nani?"