Firigisi ya Mkwe

Hadithi ya fisi aliyenusa nyama kwenye njia panda, akatia miguu miwili huku na miwili kule mpaka akapasuka, kila mtoto wa kwetu Mukuju, upande wa Uganda, ameisikia. Mimi siku hizi siiamini. Fisi nimemwona kwa macho yangu, tumenyonya ziwa moja, na hakupasuka. Alifika mzima, na hapo ndipo balaa lilipoanza.

Anaitwa Emojong, kaka yangu mkubwa. Iwe harusi, matanga au ubatizo, upande wa Uganda au wa Kenya, yeye hufika kabla sufuria haijateremshwa mekoni. Askari wa mpakani hawamwulizi tena kitambulisho. Humwuliza leo wanapika nini, na wapi.

Jumamosi ile zamu ilikuwa yetu. Binti yake wa pekee, Aidah, alikuwa analetewa mahari na watu wa Busia, upande wa Kenya. Mama yake alifariki mtoto akiwa mdogo, nikamlea mimi, maana baba mtu alikuwa kwenye sherehe za watu. Aidah aliniomba jambo moja tu.

"Shangazi, Papa akae kwenye kiti. Siku hii moja."

Kwetu anayekaa kwenye kile kiti ndiye anayepokea kamba ya fahali wa mahari, na anayepokea kamba ndiye baba wa binti mbele ya wakwe, leo na milele. Nilimwahidi mtoto kwamba baba yake atakaa. Sikujua naahidi nini.

Kwa kuwa anaujua mpaka kama kiganja chake, tulimtuma Busia awapokee wakwe na kuwaleta. Tulimkabidhi fisi bucha. Aliwapokea vizuri, akapanda gari lao, akakaa mbele. Kwenye njia panda, moja inakwenda Tororo, njia ya kwetu, na nyingine Masafu, likawapita lori la mgombea mmoja wa ubunge, vipaza sauti juu, mafahali wamefungwa nyuma. Alikuwa anakwenda Masafu kufanya sherehe ya shukrani. Alikuwa anashukuru nini, hakuna aliyejua, maana uchaguzi wenyewe ulikuwa bado.

Kaka yangu akaomba gari lisimame.

"Nyinyi nakwenda mbele," akamwambia Jacktone, msemaji wa wakwe. "Mimi napita Masafu kidogo, nasalimia watu. Nakuja sasa hivi."

"Sasa mzee, hiyo ng'ombe tutampea nani?"

"Ng'ombe haina haraka."

Yaliyofuata nimesimuliwa na Mangeni, aliyembeba kwa bodaboda. Huko Masafu nyama ilikuwa bado inachemka, na mgombea yuko jukwaani. Aliahidi maji, akaahidi umeme, na alipoona macho yote yako kwenye masufuria, akaahidi kufupisha hotuba. Hata hiyo hakuitimiza.

Emojong akanipigia simu. "Huko watu nakula saa hii?"

"Kuku wameiva," nikamwambia. "Wakwe wamefika, wazee wamekaa, kiti chako kiko wazi. Mwanao anachungulia dirishani. Njoo!"

Katika maneno yote hayo alisikia kuku tu. Akamrukia Mangeni mgongoni, wakatimua vumbi. Mwamba wa Tororo ulikuwa umeshaonekana mbele yao simu ilipolia: rafiki yake anamwarifu kwamba Masafu wameanza kupakua.

"Geuza," akasema.

Mangeni akageuza. Walikuta watu wanachokoa meno, mbwa wanagombania mifupa, na mgombea ameshaondoka na nyama iliyobaki, kwenda kushukuru kwingine.

Nyumbani wazee walimvumilia sana. Walimkalisha mdogo wetu, Nathan, pembeni kabisa mwa kiti, amshikie nafasi tu. Wakakubaliana kwamba wageni wapewe chakula kwanza, kamba itolewe baadaye, pengine mwenye binti atakuwa amefika. Nilisimama langoni natazama barabara. Nilikuwa na hasira, lakini bado nilikuwa namtetea. Nilisema gari limeharibika.

Wageni wakaandaliwa hemani nyuma ya nyumba, peke yao. Ndiyo mila. Kwetu baba hali mbele ya mume wa bintiye, wala hawaonani wakitafuna. Anayekula na wakwe ni mgeni pamoja nao, na mgeni hawezi kuwa mwenye binti.

Emojong hakupitia langoni. Alipitia nyuma, katikati ya mihogo, akiongozwa na pua. Aliingia hemani bila kubisha hodi, akaona pengo, akakaa, akatia mkono katika bakuli, akatoka na firigisi. Firigisi ile ilikuwa ya bwana harusi, hakuna mwingine aliyethubutu kuigusa. Akaitupia mdomoni. Ndipo alipoinua macho.

Mbele yake alikuwa amekaa Fidel, mkwe wake, tonge mkononi.

Fidel, kijana mwenye adabu, akaangalia chini. Na kaka yangu, Mungu amsamehe, akamalizia kutafuna.

Jacktone akafuta mikono, akatoka nje kwa wazee. "Wazee wangu, huyu mzee amekula na sisi. Sasa ni wetu."

"Lakini mimi ndiyo baba!" Emojong akapiga kelele nyuma yake.

"Baba nakula ndani ya nyumba," mzee mmoja akamjibu.

Watu walicheka. Mimi nilitaka kucheka, nikajikuta nalia. Nathan akarudi nyuma kidogo kwenye kiti, mpaka mgongo wake ukagusa mbao, akanyoosha mkono, akapokea kamba.

Wageni walipokuwa wanaaga, Aidah alitoka kuwagawia chakula cha njiani, kilichofungwa kwa majani ya mgomba, kama bibi harusi anavyotakiwa kufanya. Aliwapa mmoja mmoja. Alipofika kwa baba yake hakumruka. Alipiga magoti, akamnyooshea furushi kwa mikono miwili, na lilikuwa kubwa kuliko yote.

"Asante kwa kuja, mgeni wetu," akamwambia. "Ufike salama."

Kaka yangu akalipokea. Kuku alikuwa wa moto bado, harufu yake niliisikia mpaka pale nilipokuwa nimesimama. Kwa mara ya kwanza maishani nilimwona Emojong ameshika chakula na hakifungui.