Mguu Uliorushwa na Stima

Kasyoki alikuwa mchimba mchanga mtoni, upande wa Masinga, mpaka siku ukingo ulipomporomokea ukamvunja uti wa mgongo. Miezi saba baadaye alikuwa bado hahisi chochote kuanzia kitovuni kwenda chini.

Asubuhi moja Mueni, mkewe, alimkuta kwenye chumba cha mazoezi hospitalini. Peris, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alikuwa amembandika vibandiko viwili pajani, nyaya zake zikiingia kwenye kimashine kidogo. Alipobonyeza, paja likakakamaa, goti likanyooka, mguu ukaruka mbele kama wa mtu anayepiga mpira.

Mueni alicheka, akapiga vigelegele hadi wagonjwa wengine wakageuka. "Mulungu! Baba Mutanu amepona!"

"Mama, ni stima ya hiki kimashine inavuta misuli ndio isikonde," Peris alisema. "Kuna wengine hurudisha mwendo kidogo, lakini yeye..."

Mueni alikuwa ameshatoka, simu sikioni.

Kasyoki aliuona mguu ule ukiruka kama vile ni wa jirani yake.

Jumapili kanisani wakatoa shukrani. Jumatatu Mueni akamrudisha alikotoka fundi aliyekuja kupanua mlango wa nyumba ili kiti cha magurudumu kipite. Jumatano akafika wodini na viatu vipya vya ngozi, akapiga magoti, akaanza kumvalisha.

"Mama Mutanu, wacha. Huo mguu si mimi niliurusha."

"Si niliuona na macho yangu?"

"Uliona stima. Ikizimwa, mguu unakufa. Hata sasa umenishika kidole na sijui ni kipi."

Mueni alitazama chini. Alikuwa ameshika kidole gumba. Akakifinya. Akakaza kucha, huku akimkazia macho usoni, mpaka ngozi ikachubuka na damu ikachungulia. Uso wa Kasyoki haukubadilika hata kidogo.

"Mbona hukuniambia siku hiyo?"

"Ulikuwa unacheka," alisema. "Sikuwa nimekusikia ukicheka tangu niumie."

Peris akaingia na kimashine chake. Muda wa mazoezi ulikuwa umefika.

"Usiwashe nikiwa hapa," Mueni alisema. Akajifunga leso upya, akatoka bila kugeuka.

Peris alimtazama Kasyoki. "Tuendelee ama tuache leo?"

"Bandika tu."

Mguu ukaanza kuruka. Kasyoki alilala akitazama dari, akisubiri dakika thelathini ziishe.