Bomba la Hewa

Nyundo ilikuwa juu wakati usingizi ulipomchukua Phelesia. Damaris, aliyeketi mbele yake chini ya kivuli cha mabati, aliiona ikikaa hewani kama ndege aliyesahau pa kutua, kisha ikashuka yenyewe. Haikupiga jiwe. Ilipiga kidole.

"Uwi! Min Bravin!" Damaris akaruka, akimwita kwa jina la mwanawe. "Sasa unajiponda mwenyewe? Hicho kidole hakina dhahabu, mama!"

Wanawake wengine wakacheka, halafu wakaona damu, wakaacha kuponda. Phelesia alikitazama kidole kana kwamba ni cha mtu mwingine. Mkono ule wa kushoto ulikuwa bado umeshika pete ya mpira, ile inayokatwa kwenye tairi kuukuu ili kuzuia mawe yasiruke yanapopondwa. Hakulia. Uso wake ulikuwa haujarudi bado kutoka ulikokwenda.

"Nilikuwa nimekaribia kufika," akasema.

"Kufika wapi?"

Damaris akachana upindo wa leso yake, akamfunga kidole, akinung'unika kwamba mtu akilala kanisani, akalala akiosha vyombo, akalala na nyundo mkononi, huyo si mchovu tu, huyo ana neno.

Katika machimbo yale ya upande wa Nyatike, kazi ya wanawake ilikuwa kuponda na kuosha. Wanaume hushuka, mawe hupanda, na wanawake huyaponda mpaka yawe kama unga wa mtama. Kisha huuosha ule unga katika karai, wakilizungusha taratibu, chepesi kiende na maji, kizito kibaki. Mdomo wa shimo hawakaribii. Wanasema mwanamke akichungulia, dhahabu hukimbia. Kwa hiyo Phelesia, aliyeanza kuponda mawe Bravin akiwa bado ananyonya, hakuwahi kuona ndani ya shimo hata moja kwa macho yake ya mchana.

Kwa yale mengine, ya usiku, alikuwa ameona sana.

Ilikuwa hivi. Kila alipolala chali, koo lake lilijifunga polepole kama mlango unaosukumwa na upepo, na hapo ndipo alipoanza kushuka. Hakukuwa na ngazi wala kamba. Kuta zilikuwa na unyevu na zilimeta. Chini kabisa, mahali shimo linapopanuka kama chumba, taa ndogo ya njano iliwaka katika paji la uso la mtu aliyeketi juu ya jiwe. Mtu huyo alikuwa Cephas, mume wake.

"Umefika, Nyar Karungu," alikuwa akisema. Ni yeye tu aliyekuwa akimwita hivyo, binti wa Karungu.

"Nimefika."

Huko chini hakuna aliyepumua. Hawakuona haja. Waliongea habari za nyumbani: paa linalovuja juu ya kitanda, ng'ombe wa kahawia anayekataa kukamuliwa na mtu mwingine, Bravin aliyevuka kwenda kisiwa cha Remba kuuza samaki na kumwacha mkewe nyumbani. Cephas alisikiliza, akicheka pale pale alipokuwa akicheka zamani. Kisha, siku zote, aliinua uso kutazama giza la juu, na ile taa ikapanda ukutani pamoja na macho yake.

"Na bomba?"

"Linakuja," Phelesia alikuwa akijibu.

Hapo ndipo kitu kilipomnyakua kwa kifua na kumpandisha, akaamka anakoroma na kukohoa, shuka limelowa, moyo ukigonga kama nyundo ya Damaris.

Bomba lile lilikuwa la kweli. Asubuhi ya mvua, miaka mingi nyuma, udongo ulikatika na kulifunika shimo Cephas akiwa ndani. Wanaume walipitisha bomba la plastiki katika ufa, wakawasha pampu, wakamsukumia hewa. Na bomba likavutwa kutoka chini. Kuvuta mara moja ndiyo lugha ya shimoni: nipo, leteni hewa. Phelesia alisimama mbali na wanawake wenzake, akisikia tu kelele, "Amevuta! Jamani, amevuta tena!" Aliomba asogee alishike bomba kidogo. Wakamwambia, mama, kaa huko. Halafu pampu ikaishiwa mafuta, mtu akatumwa akakawia, na ilipowashwa tena hakuna aliyepiga kelele.

Mwili haukupatikana. Wazee wakafanya kama Wajaluo wanavyofanya maji au ardhi ikikataa kumrudisha mtu: wakaleta yago, lile tunda refu zito la mti wa porini, wakalivika shuka, wakalizika upande wa kulia wa nyumba kama mwenye boma. Watu walilia. Phelesia pia alilia. Lakini mtu anayejua uzito wa vitu kwa mikono yake hawezi kudanganywa na tunda.

Safari hizo za usiku Mourine, mke wa Bravin, hakuzijua. Alijua alichokisikia kupitia ukuta wa udongo.

"Mama," alimwambia jioni ile ya kidole, akikiosha kwa maji ya chumvi, "wewe unakufa kila usiku halafu unafufuka. Mimi ndiye hukaa pale mlangoni nikingoja kama leo utafufuka. Nimechoka kungoja. Twende Homa Bay."

"Kukoroma ni ugonjwa? Baba yangu alikoroma mpaka fisi wakahama."

"Na alikufa akifanya nini?"

Phelesia akafikiri. "Akilala," akasema.

Wakaenda. Hospitalini wakapewa kifaa cha kulala nacho nyumbani: mkanda wa kifuani, kamrija ka puani, na kishikizo cha kidole kizima. Waliporudi nacho, daktari mmoja kijana kutoka Kisii, Barnabas Mokaya, aliyasoma yaliyoandikwa na kile kifaa huku akikuna kidevu.

"Mama, pumzi yako inakatika usingizini," akasema. "Inakatika, inarudi, inakatika. Nyama za koo zinalegea, njia ya hewa inajifunga. Mwili unashtuka unakuamsha, hata kama hukumbuki, na kila mara moyo unachoka. Ndiyo maana mchana unalala na nyundo."

"Nipe dawa basi."

"Ya kumeza ya kuiponya hii sina. Lakini njia zipo." Akavuta kiti karibu, kama mtu anayeketi na nyanya yake. "Ya kwanza, usilale chali. Lala ubavu. Ya pili, mwili upungue kidogo."

"Mwili huu umejengwa na ugali wa miaka mingi, daktari. Utaubomoa kwa siku gani?"

"Polepole. Ya tatu, pombe ya busaa ya jioni uache, na vidonge vya usingizi usiguse. Kuna kidude cha kuvaa mdomoni, kinavuta taya mbele, lakini kinashikwa na meno."

Phelesia akafungua kinywa chake chote ili daktari ahesabu mwenyewe.

"Sawa," Barnabas akasema, akijitahidi asicheke. "Hicho tukiache. Kuna upasuaji, lakini kisu ni cha mwisho, na si kwa kila mtu. Kwa vile hali yako ni kali, mimi ningekupa hii." Akatoa mashine ndogo kama redio, na barakoa, na kati yake bomba laini lenye mikunjo. "Hospitali inaazima, ujaribu kwanza. Inasukuma hewa usiku kucha, koo lisijifunge. Lete mkono."

Akaiwasha, akaelekeza bomba kwenye kiganja cha Phelesia.

Hewa ikamgusa. Ilikuwa ya baridi kidogo, haina pupa, haikomi. Phelesia aliufunga mkono, akaufungua. Aliisikiliza ile mashine. Kwa mbali, mbali sana, ilinguruma kama kitu anachokijua.

"Na ndoto?" akauliza.

"Ndoto gani?"

"Za kushuka."

"Aa, za kukabwa? Wengi husema zinaisha. Utalala vizuri, mama, hutaziona tena."

Daktari alifikiri amempa habari njema.

Njiani kurudi, Phelesia na Mourine walishuka Rodi Kopany kungoja gari lingine, wakakaa kwenye benchi la mama wa chai. Mashine ilikuwa mapajani mwa Mourine, ndani ya mkoba, kama mtoto wa mtu. Sokoni watu walikuwa wakifunga magunia ya viazi vitamu. Phelesia alikunywa chai, akaweka kikombe chini, akamweleza Mourine kila kitu: taa ya njano, jiwe, ng'ombe wa kahawia, lile swali la mwisho.

"Sasa nikivaa kitu hiki sitashuka," akamaliza. "Nani atamtembelea baba yenu? Yule wa pale nyumbani ni yago."

Mourine hakucheka. Alizungusha kikombe chake, akakizungusha tena, kama wanavyozungusha karai.

"Mama, mwenye kukuvuta juu ni nani?"

"Sijui. Nasikia tu nimevutwa."

"Siku moja atachoka. Daktari amesema moyo unachoka. Na usipopanda, mimi nitamwambia nini Bravin? Nitazika nini cha maana, mama, na wewe umebaki huko chini? Nyumba hii yote ibaki na wafu walio chini, na mimi juu peke yangu na ng'ombe anayepiga teke?"

"Utamzoea. Huanza na miguu, yule. Muimbie."

"Mama!"

Wakacheka wote wawili, na Mourine akafuta macho kwa kiganja, na haikujulikana ni kwa kicheko tu.

Nyumbani walianza na njia ndogo. Mourine alishona mfuko mgongoni mwa gauni la kulalia, akatia gunzi la hindi ndani yake, ili mama akijigeuza chali limchome. Ubavuni, Phelesia alishuka mpaka katikati tu. Aliona mwanga wa njano ukicheza ukutani, akamsikia Cephas akikohoa, lakini asifike. Siku iliyofuata Mourine akalikuta gunzi jikoni na mshono umefumuliwa kwa ustadi.

"Panya," alisema Phelesia.

"Panya anayejua kukunja uzi?"

Lakini siku chache baadaye, akisonga ugali, Phelesia alilala wima. Mwiko ulisimama, akaegemea mbele, na Mourine akamdaka kwa kiuno uso wake ukiwa juu ya mvuke. Hakumgombeza. Alimshika tu, akamketisha mbali na moto, wala hakumwachia.

"Haya," Phelesia akasema. "Lete mashine yako. Lakini tusikilizane. Mchana ni wako. Usiku ni wa baba Bravin."

"Mama, mashine haijui..."

"Mchana ni wako."

Ikawa Jumapili baada ya ibada. Mvua ilikuwa imefunga upande wa ziwa na nyumba ilikuwa na kiza chepesi, kile kinachofanya kuku waingie mapema bila kuambiwa. Mourine alimpangia mto, akamlaza ubavu, akamfunga mikanda ya barakoa nyuma ya kichwa bila kukaza, kama mtu anayemfunga msichana kitambaa.

"Unafanana na rubani," akasema.

"Rubani wa wapi?" Sauti yake ilitoka nzito, ndani ya plastiki.

Mourine akawasha. Hewa ikaja. Phelesia mwanzoni alipigana nayo, akavua, akavaa tena. Halafu alikumbuka ilivyogusa kiganja chake, akalishika bomba kwa mkono wa kidole kilichofungwa, akafumba macho, akaisikiliza ikinguruma. Paa likapokea mvua.

Hakushuka.

Alikuwa amekaa kwenye mdomo wa shimo. Mvua ilinyesha lakini haikumlowesha. Wanaume walikuwa wamesimama kando, kofia mikononi, na hakuna aliyesema mama, kaa huko. Wakampisha. Pampu ilikuwa karibu na goti lake, imejaa mafuta, ikinguruma taratibu. Na bomba lilikuwa mikononi mwake. Aliliachia kidogo kidogo, kama mtu anayeteremsha ndoo kisimani asikoroge maji, na hewa ikapita kati ya viganja vyake, ikashuka, ikashuka. Alichungulia. Hakuiona taa ya njano. Hakusikia kikohozi. Zamani angeita. Sasa hakuita, alingoja tu, akipumua, kwa maana huku juu mtu anapumua.

Kisha bomba likavutwa. Mara moja.

Mvua ilikuwa imekoma Mourine alipoingia na taa. Alisimama mlangoni, mahali pake pa siku zote, akangoja ile kelele, kisha ule ukimya wa kutisha, kisha kelele tena. Hakukuja kitu. Kifua cha mama kilipanda na kushuka kama cha mtu asiyedaiwa na yeyote. Akakaa akitazama mpaka dirisha likawa jeusi. Ndipo akakumbuka walivyokubaliana. Akasogea kwa kunyata, akapeleka mkono kwenye mashine.

"Usizime."

"Mama? Ulisema mchana tu. Giza limeingia."

"Usizime, mwanangu." Phelesia hakufungua macho. "Kuna mtu anatumia hewa."

Mourine akaurudisha mkono wake. Akaiweka taa chini, akaupunguza utambi, akaketi ukingoni mwa kitanda. Nje, upande wa kulia wa nyumba, matone ya mwisho yalidondoka kutoka kwenye mabati hadi juu ya kaburi la yago. Bomba lilikuwa limelala juu ya shuka, limepita katika ngumi ya yule mama aliyelala, na kila baada ya kitambo lilisogea kidogo, kisha likatulia.