Mstari wa Roukia

Kampuni ya Moinafouraha ilikuwa na ofisi Moroni, mtaani Magoudjou, lakini uhai wake wote ulikuwa kisiwani Nzuani, kijijini Patsy, juu ya mji wa Mutsamudu. Huko wanawake walichuma langilangi alfajiri, maua yakachemshwa katika mitungi ya shaba, na mafuta yakauzwa kwa watengenezaji manukato wa ng'ambo. Marehemu baba yake Moinafouraha alikuwa amejenga zahanati ya uzazi ubavuni mwa kiwanda.

Mnunuzi mmoja alipoitaka kampuni, Elamine, mshirika wake, alimshauri aifunge zahanati.

"Inakula faida," alisema. "Tuifunge, utaona bei yetu itakavyopanda."

Moinafouraha akaifunga, na bei ikapanda kweli.

Haukupita muda, Roukia, mmoja wa wachumaji, akashikwa na uchungu katikati ya miti. Alifia njiani akiteremshwa mjini, mtoto akiwa bado tumboni.

Kisha Nzuani ikajitenga na serikali ya Moroni. Simu zikakatika, wanajeshi wakatumwa kutoka Moroni, watu wakauana. Moinafouraha alikuwa na hakika kiwanda kimeshachomwa. Vyombo vya baharini viliporuhusiwa tena kupita, alikwenda kujionea.

Kilikuwa kizima. Mitungi ilikuwa mahali pake, hata kuni hazikuguswa. Ila maua yalikuwa yameoza chini ya miti, na harufu yake ilikaba koo.

Madi, mume wa Roukia, alimkuta kizingitini.

"Mmenigomea kwa sababu natoka Moroni?" Moinafouraha aliuliza.

"Hatujagoma, mama. Nenda shambani alfajiri, kisha uniulize tena."

Alikwenda. Ukungu ulikuwa umelala juu ya miti. Akasikia mwanamke anaguna, kama anayesukuma mtoto. Akakimbilia sauti, hapakuwa na mtu. Sauti ikaanza upya katika mstari wa pili wa miti, chini zaidi, imechoka. Moinafouraha akaanza kusoma Ayatul Kursi, ikamtoka vipande vipande.

Djaouharia, aliyekuwa mkunga wa zahanati, alikuwa ameketi mbele ya mlango uliofungwa.

"Umemsikia," alisema.

"Nani?"

"Unamjua."

Mnunuzi alipopata habari kwamba hakuna maua, alijitoa. "Mitungi naipata popote," alimwambia. "Mimi nilikuwa nanunua kule kuja kwa wale wanawake kila asubuhi. Kama hawaji, huna kampuni."

Elamine alitaka waiuze shaba kwa uzito, wagawane. Moinafouraha alikataa, wakaachana. Akauza nyumba ya baba yake Moroni, akanunua jenereta, dawa na vitanda, akamrudisha Djaouharia kazini. Kisha, mbele ya kadhi, akaiweka zahanati wakfu, asije yeye wala mwingine akaifunga.

Mtoto wa kwanza kuzaliwa humo baada ya kufunguliwa tena aliitwa Inaya. Polepole wachumaji walirudi, na mafuta yakaanza kuteremshwa tena bandarini. Kuna mstari mmoja tu ambao hawauchumi, ule ambamo Roukia alishikwa na uchungu. Mwaka uliofuata mnunuzi alirejea na bei nzuri kuliko ile ya mwanzo. Moinafouraha hakuuza.

Siku moja alimkuta Madi akipalilia mstari huo, peke yake.

"Bado unamsikia?" alimuuliza.

"Mimi sikuwahi kumsikia, mama," Madi alisema, jembe mkononi, macho mekundu. "Naja kila alfajiri nimsikie walau mara moja. Niambie, anasema nini?"

Moinafouraha akalipokea jembe, akaendelea kupalilia pale alipoishia.